Miwani ya Kuonea na Vioo vya Jua vya Kupachika

Ndugu msomaji, simama ufukweni Mangapwani saa tisa alasiri, wakati wa kaskazi. Bahari iko mbele yako, upande wa magharibi. Jua limekwisha kupinduka, sasa linashuka kuelekea baharini. Linakupiga usoni. Maji nayo yanalichukua jua hilo hilo na kukurudishia usoni mara ya pili.

Tazama watu wanaofanya kazi mahali hapo. Yuko mzee anayeshona nyavu. Amezishika mbali, mikono imenyooka, na bado tundu za nyavu hazioni sawasawa. Yuko kijana anayetazama ngalawa inayorudi. Ameweka kiganja juu ya nyusi na amekunja uso. Yuko mama aliyetoka kuchokoa pweza. Anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Hapo pana shida mbili. Shida ya kwanza ni kutoona vizuri. Shida ya pili ni mwanga mkali. Mwenye shida ya kwanza anahitaji miwani iliyopimwa. Mwenye shida ya pili anahitaji kivuli cha macho. Lakini wako wenye shida zote mbili, na hao ndio wenye tabu. Mtu huyo akivaa miwani yake ya kuonea, jua linamchoma. Akivaa miwani nyeusi ya kawaida, jua linapungua lakini haoni, kwa sababu miwani hiyo haina namba yake. Wengine hujaribu kuvaa moja juu ya nyingine, na zote mbili huishia mchangani.

Kwa mtu kama huyo kuna kifaa kidogo. Ni vioo viwili vyeusi vilivyounganishwa, lakini havina mikono ya kushika masikioni. Unavipachika mbele ya miwani yako ya kuonea. Ukitoka juani, unavipachika. Ukiingia ndani, unavitoa. Vingine vina bawaba, unavinyanyua juu kama unavyofunua dirisha. Hapa tutaviita vioo vya kupachika. Miwani inabaki moja na namba inabaki ile ile, ila sasa inafanya kazi mbili.

Kifaa ni kidogo, lakini watu hukosea kukichagua. Wengine hupoteza fedha. Wengine hupata hasara kubwa zaidi: huficha ugonjwa wa jicho nyuma ya kioo cheusi mpaka ugonjwa ukakomaa. Jambo hilo tutalifikia.

ANZA NA JICHO, USIANZE NA KIOO

Ndani ya jicho la kila mtu kuna kioo cha asili. Katika utoto kioo hicho ni laini. Ukitazama kitu cha karibu, kinavimba kidogo. Ukitazama mbali, kinanyooka. Kazi hiyo hufanyika yenyewe, wala hatuijui. Ukifika miaka 40 hivi, kioo hicho kinakuwa kigumu. Hakivimbi tena kama zamani. Ndiyo sababu mtu mzima husogeza kitabu mbali. Kutunga uzi kwenye sindano kunakuwa kazi. Kuchagua mchele kunakuwa kazi. Kudarizi kofia, kusoma msahafu, kusoma maandishi ya chupa ya dawa, yote yanakuwa kazi. Huu si ugonjwa. Ni umri, na humfika kila mtu, aliyesoma na asiyesoma.

Wako watu wanaosema kuwa miwani huharibu macho. Wanasema ukianza kuivaa, macho yanazoea na kuwa dhaifu. Si kweli. Macho ya mtu mzima yanaendelea kubadilika, uvae miwani au usivae. Anayevaa anaona tofauti pale anapoivua, kwa sababu sasa amejua kuona vizuri kukoje.

Na kuona vizuri ni fedha. Huko Assam, nchini India, wako wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Watafiti waliwagawa watu 751 katika makundi mawili. Kundi moja walipewa miwani ya kuonea karibu mara moja. Kundi la pili walingoja mpaka utafiti umalizike. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliopewa miwani walipanda kutoka kilo 25 kwa siku hadi karibu kilo 35. Wasiopewa walipanda pia, kwa kuwa msimu ulikuwa mzuri, lakini walifika kilo 30 na kidogo tu. Shamba lilikuwa lile lile na mikono ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa miwani. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilieleza kuwa watu wapatao milioni 826 duniani hawaoni karibu vizuri, na shida yao ingeweza kuondolewa kwa miwani tu.

Sasa, ndugu msomaji, jiulize swali moja kabla ya kufikiri vioo vyeusi. Je, wewe unahitaji miwani ya namna gani?

Ikiwa unaona mbali vizuri, na shida yako ni sindano na kitabu tu, basi unahitaji miwani ya kusomea. Miwani hiyo haifai kuvaliwa unapotembea wala unapokuwa chomboni, maana hufanya mbali kuwe na ukungu. Kwa hiyo vioo vya kupachika huenda visikufae sana. Shona nyavu zako kivulini na miwani yako ya kusomea. Ukienda baharini, vaa kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua ya kawaida iliyo nzuri. Usitumie fedha kwa kitu usichokihitaji.

Lakini ikiwa huoni mbali bila miwani, hadithi ni nyingine. Wewe huivui miwani tangu asubuhi mpaka usiku. Vioo vya kupachika vilitengenezwa kwa ajili yako. Ni hivyo hivyo kwa anayevaa miwani ya sehemu mbili, ambayo juu ni ya kuonea mbali na chini ni ya kusomea. Miwani ya namna hiyo si mpya. Mmarekani Benjamin Franklin alieleza katika barua ya mwaka 1785 kuwa alichoka kubadilisha miwani mbili, akaamua kukatisha vioo na kuviunganisha katika fremu moja. Mtu wa miwani ya sehemu mbili akipachika vioo vyeusi, ataona ngalawa mbali na fundo la mshipi mkononi, huku jua halimsumbui.

JUA LINAFANYA NINI JICHONI

Watu wengi huona miwani nyeusi ni mikogo ya vijana. Kwa anayeshinda juani si mikogo hata kidogo.

Jua lina mwanga tunaouona. Lina pia miale tusiyoiona. Wataalamu wanaiita urujuanimno, na kwenye bidhaa huandikwa kwa herufi mbili, UV. Miale hiyo ndiyo inayobabua ngozi. Jichoni hufanya kazi polepole, mwaka baada ya mwaka. Huongeza uwezekano wa kuota kile kinyama kinachotoka pembeni ya jicho na kutambaa kuelekea kwenye mboni. Wavuvi na wakulima wengi wanakijua. Pia huchangia mtoto wa jicho, yaani kile kioo cha ndani kupoteza weupe wake na kuwa na ukungu.

Jambo hili lilipimwa kwa wavuvi wenyewe. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 838 wanaofanya kazi majini katika ghuba ya Chesapeake. Walikadiria kila mmoja amepigwa na jua kiasi gani maishani mwake. Waligundua kuwa mtu aliyepata miale maradufu ya mwenziwe alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata aina moja ya mtoto wa jicho. Palipokuwa na mmoja, pangekuwa na mmoja na nusu na zaidi kidogo. Na huko Chesapeake jua si kali kama letu. Sisi Unguja tuko karibu na ikweta. Jua hupita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba.

Usidhani hatari ni adhuhuri tu. Jua likiwa utosini, paji la uso na nyusi hukinga macho. Asubuhi na alasiri jua huja mbele ya uso. Hakuna nyusi inayolizuia. Tena mchanga mkavu wa pwani hurudisha miale hiyo kiasi cha sehemu 15 katika 100, na povu la mawimbi hurudisha sehemu 25. Kwa hiyo hata chini ya mwavuli miale inakufikia, kutoka chini.

Kinga ya kwanza ni rahisi mno. Ni kofia yenye ukingo. Hiyo peke yake hupunguza miale inayofika jichoni kwa karibu nusu. Kofia ya mkindu ya kulimia inatosha. Vioo ni kinga ya pili, na hufanya kazi vizuri zaidi chini ya kofia.

WEUSI SI KINGA

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Nenda Darajani. Utaona miwani myeusi imepangwa, na mnunuzi anachagua iliyo nyeusi kuliko zote. Anadhani weusi ndio kinga. Sivyo. Weusi hupunguza mwanga unaoonekana. Miale isiyoonekana huzuiwa na dawa iliyomo ndani ya kioo au iliyopakwa juu yake, na dawa hiyo haina rangi. Kioo chepesi chenye dawa hukinga kuliko kioo cheusi kisicho na dawa.

Tena kioo cheusi kisicho na dawa kinaweza kudhuru zaidi. Sababu ni hii. Penye giza mboni hupanuka ili ipokee mwanga zaidi. Ukivaa kioo cheusi mboni inapanuka. Kama kioo hakizuii miale, umeifungulia mlango mpana zaidi.

Kwa hiyo tafuta alama. Kioo kizuri huandikwa UV400, au huandikwa kuwa kinazuia UV kwa asilimia 100. Kibandiko peke yake kinaweza kudanganya, maana hata kibandiko huuzwa. Nunua kwa fundi wa miwani anayejulikana. Baadhi yao wana kipimo cha kupima kioo papo hapo. Muombe akupimie. Fundi mwaminifu hatachukia.

Vioo vya jua hupewa pia namba ya weusi, kuanzia 0 hadi 4. Namba 3 hupitisha mwanga sehemu 8 hadi 18 katika 100, na hiyo ndiyo inayofaa pwani. Namba 4 ni nyeusi mno. Hairuhusiwi kwa dereva wa gari wala wa pikipiki. Kuhusu rangi, kijivu huacha vitu na rangi zake. Kahawia hufanya vitu viachane vizuri zaidi na ukungu. Kama unaendesha, hakikisha bado unatofautisha taa nyekundu na kijani.

Mvuvi ana jambo moja zaidi la kuuliza. Viko vioo vinavyokata mng'aro wa maji. Mwanga uliorudi kutoka juu ya maji hutetema kwa kulala, kama kamba inayochezeshwa huku na huku juu ya sakafu. Vioo hivyo huzuia mwanga wa namna hiyo. Ukivaa, ule mng'aro mweupe unaondoka, na unaona ndani ya maji: mwamba, nyasi za bahari, kivuli cha dema. Nahodha anayepita penye miamba atafurahi. Utavijuaje? Chukua vioo viwili vya aina hiyo, tazama kupitia vyote, kisha zungusha kimoja robo mzunguko. Vikiwa vya kweli, utaona giza. Au tazama kioo cha simu yako huku ukizungusha. Simu nyingi zitabadilika, nyingine zitakuwa nyeusi kabisa. Ndiyo kasoro yake pia: chomboni unaweza kudhani simu yako imezimika. Na kukata mng'aro si kuzuia miale. Ni mambo mawili mbalimbali, uliza yote mawili.

NAMNA YA KUVIPACHIKA

Viko vinavyobana katikati kwa kibano chenye springi. Hivi ndivyo rahisi, na vinaingia kwenye miwani nyingi. Tazama meno ya kibano. Yawe yamevishwa mpira, la sivyo yatakwaruza miwani yako, na miwani ndiyo iliyokugharimu zaidi. Viko vyenye kulabu ndogo nne zinazoshika kingo. Hivyo havibabaiki, lakini ni lazima viwe na umbo la miwani yako hasa. Kisha viko vya sumaku. Fremu na vioo vyeusi vimetengenezwa pamoja, unavisogeza tu na vinajishika. Ni vyepesi na vinapendeza. Ila vikipotea, huwezi kuokoteza vingine popote, maana vya fremu nyingine havitaingia. Na ukipigwa na wimbi au tanga, vinaweza kuruka. Kwa mwalimu wa skuli au mwenye duka, sumaku ni nzuri. Kwa mtu wa ngalawa, mimi ningechagua kulabu, au kibano cha springi kilicho imara, pamoja na uzi wa kufunga miwani shingoni.

Viko na vioo vinavyobadilika vyenyewe. Ndani ni vyeupe, juani vinakuwa vyeusi. Watu huvisifu sana. Lakini vina kasoro mbili kwetu. Penye joto kali haviwi vyeusi vya kutosha. Na ukiingia ndani havirudi weupe mara moja, vinachukua dakika kadhaa.

Dakika hizo si jambo dogo. Pale pale Mangapwani kuna pango la matumbawe lenye maji matamu chini yake. Kiko pia kile chumba kilichochimbwa katika mwamba, ambamo watumwa walifichwa baada ya biashara yao kwa njia ya bahari kupigwa marufuku mwaka 1873. Kote kuwili unateremka ngazi kutoka kwenye jua jeupe kuingia gizani. Aliyevaa kioo cheusi asichoweza kukitoa anakanyaga kwa kubahatisha. Mwenye vioo vya kupachika anavinyanyua kwa kidole kimoja, kisha anasimama kidogo mpaka macho yazoee, ndipo ateremke. Ni hivyo hivyo kwa dereva anayetoka juani na kuingia ghafla kwenye kivuli cha miembe, ambapo mtoto anavuka njia. Na jua likizama, vitoe. Usiendeshe navyo usiku kwa sababu ya taa za magari.

Vioo hivi havikuruhusu kulitazama jua lenyewe. Hata siku ya kupatwa kwa jua, usilitazame kupitia vioo hivi. Jicho linaungua ndani bila maumivu.

MWANGA UKIANZA KUKUUMIZA

Sasa tufike kwenye lile jambo tuliloliahidi. Tuseme wewe ulikuwa ukivumilia jua miaka yote. Mwaka huu limekushinda. Taa za gari usiku zinatawanyika kama nyota. Mbali pana ukungu, hata ukifuta miwani. Unaona raha ukivaa kioo cheusi. Ndugu yangu, usikimbilie kununua kioo cheusi zaidi. Huenda ni mtoto wa jicho anaanza. Kioo cheusi kitakupa nafuu ya miezi michache, na jicho litaendelea kufifia. Mtoto wa jicho hatibiwi kwa miwani, wala kwa matone, wala kwa majani. Hutibiwa kwa operesheni. Daktari hutoa kile kioo cha ndani kilichochafuka na kuweka kingine cha bandia. Watu waliokuwa wakishikwa mkono huenda nyumbani wenyewe.

Ikiwa jicho ni jekundu na linauma, au limepoteza nuru ghafla, au unaona vimulimuli na pazia linashuka, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga mwenye weupe ndani ya mboni naye apelekwe upesi.

Wenye ugonjwa wa sukari wasikie neno hili. Sukari ikipanda na kushuka, kile kioo cha ndani ya jicho nacho hubadilika. Leo utapimwa na kupewa namba moja, baada ya wiki tatu namba hiyo haikufai. Utamlaumu fundi bure. Tuliza kwanza sukari, ndipo upime miwani. Na macho ya mwenye sukari yakaguliwe na daktari kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

SIKU YA KWENDA MJINI

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, waulize wapi utapimwa. Mjini Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo cha macho. Usinunue miwani kwa kujaribu jaribu barazani, na usivae ya marehemu babu yako kwa sababu tu fremu yake ni nzuri. Macho yako mawili huenda hayana namba moja.

Usiende mikono mitupu. Chukua miwani yako ya zamani, hata kama imevunjika. Chukua kazi unayoifanya kila siku: kipande cha nyavu, kofia unayodarizi, msahafu. Na kabla hujatoka nyumbani, keti kama unavyoketi kazini, mwambie mtu akupime kwa uzi kutoka jichoni mpaka mkononi. Funga fundo hapo. Mpe mpimaji uzi huo. Mshona nyavu hutazama mbali kidogo kuliko msoma kitabu, na namba yao haiwi moja. Uzi utamweleza kuliko maneno.

Mwambie mapema kuwa unataka vioo vya kupachika, kabla ya kuchagua fremu. Wengi huchagua fremu kwanza, kisha wanatafuta vioo vyeusi vya kuiingia, wasivipate. Fremu pana sana au yenye umbo la ajabu ni taabu. Fremu ya mviringo au ya pembe nne ya kawaida hupata vioo kwa urahisi. Iwe imekaa vizuri juu ya pua, maana itabeba mzigo wa ziada. Lenzi za plastiki ni nyepesi na hazivunjiki ovyo kama za kioo.

Vioo vikiletwa, vipachike mwenyewe, tena kwa mkono mmoja, maana chomboni mkono wa pili una kazi. Je, vinafunika miwani yote, au pembeni panabaki mwanya wa kuingiza jua? Je, miwani inateleza puani? Tikisa kichwa. Inama kama unayevuta nanga. Kisha vitoe, vishike mbele yako kwa mkono ulionyooka, tazama kupitia kwavyo ukingo wa mlango, na uvisogeze polepole kushoto na kulia. Ukingo ukibaki umenyooka, vioo ni vizuri. Ukipinda na kucheza kama kitu kilicho ndani ya maji, vikatae, vitakuumiza kichwa.

Muulize fundi kuhusu kusafisha, lakini hata yeye asipokwambia, jua hili. Adui wa vioo vya kupachika ni mchanga na chumvi. Punje moja ikinaswa kati ya kioo cheusi na miwani, vitasuguana siku nzima. Usifute vikavu kwa kanga wala kwa shati. Vimwagie kwanza maji matamu, paka sabuni kidogo kwa kidole, suuza, ndipo ukaushe kwa kitambaa laini. Ukirudi baharini fanya hivyo jioni hiyo hiyo, kabla chumvi haijakauka na kula springi. Usiviache juu ya mchanga, wala kwenye kioo cha mbele cha gari juani.

Kabla hujalipa, uliza mambo mawili: bei ya vioo vya kupachika peke yake ni kiasi gani, na vikipotea vitapatikana tena? Kisha muombe fundi akuruhusu kutoka nje ya duka. Simama juani, utazame bati linalong'aa ng'ambo ya njia, usome bango lililo mbali. Geuka, uingie tena dukani, unyanyue vioo, usome maandishi madogo ya risiti. Ikiwa umeyaona yote mawili bila kukunja uso, lipa, na udai kijaluba cha kuhifadhia.